Mipira Miwili ya Kabureta

Mwaka 1976 Okullo alikuwa ametimiza miaka kumi na minne katika gereji ya pikipiki za polisi upande wa Nakawa, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumshuku hata kwa skrubu moja. Alijivunia jambo hilo kuliko cheo, kwa sababu cheo hakuwa nacho. Alikuwa mtu wa Lira, mrefu, asiyependa maneno mengi, na alikaa Ntinda katika nyumba za askari pamoja na mkewe Aloyo na watoto wao watatu.

Kila baada ya miezi mitatu pikipiki za msafara ziliingizwa gerejini. Zilibadilishwa oili, zikasafishwa plagi na filta ya hewa, nati zikakazwa. Safari hii, pikipiki ya mwisho kwenye foleni ilikuwa ya Inspekta Muhamadi. Okullo alipoiwasha Jumatatu asubuhi, injini ilipaa juu na haikutaka kutulia. Alichovya unyoya wa kuku kwenye petroli, akaupitisha pole pole kwenye maungio ya kabureta. Mlio ukabadilika pale pale. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mipira miwili ya duara inayoziba maungio yale ilikuwa imepasuka, na injini ilikuwa inavuta hewa mahali isipotakiwa. Ikiendeshwa hivyo itachemka mpaka pistoni iungue.

"Ijumaa kuna msafara wa Entebbe," Inspekta alimwambia. "Nitaipanda mwenyewe. Sitaki hadithi, fundi."

"Ndiyo, Afande."

Mwezi uliopita fundi mwenzake, Ojok, aliitwa ofisini kuulizwa habari ya mafuta yaliyopotea. Kofia yake ilikuwa bado imetundikwa kwenye msumari, hakuna aliyethubutu kuishusha.

Okullo akaanza kutafuta. Stoo ya gereji ilikuwa na rafu tupu. Akaenda mjini, kwenye duka aliloagiza vipuri tangu ujana wake. Wenyewe Wahindi walifukuzwa nchini miaka minne iliyopita, na mwenye duka wa sasa alimwonyesha viatu vya breki za lori na boksi la mashati ya shule. Akazunguka Kisenyi kwa mafundi wa mitaani, wakamcheka kwa upole: kama wangekuwa na mipira ya namna hiyo, wangeiuza wakajenga nyumba. Jumatano alikata mipira kwa mkono kutoka tyubu ya baiskeli. Petroli iliilainisha, ikavimba, na kufikia adhuhuri ilikuwa imelegea kama ugali.

Jioni hiyo, nyuma ya nyumba yake, ilikuwepo pikipiki nyingine. Ilikuwa ya Ambroise Bisimwa, mkimbizi kutoka Bukavu, aliyekaa Kyebando na kuuza mikate. Aliinunua kwenye mnada wa polisi, kwa hiyo ilikuwa ya aina ile ile. Alikuwa ameileta ili ikazwe klachi tu. Okullo alipoinama kuitazama, aliona kwenye kabureta mipira miwili mipya, myeusi, inayong'aa.

Alikaa juu ya debe kwa muda mrefu. Baadaye alipenda kujiambia kwamba mikono ilifanya yenyewe, lakini hata yeye alijua kuwa ni uongo. Aliifungua mipira ile taratibu, kwa uangalifu wote wa kazi yake, akaifunga mahali pake ile iliyopasuka ya Inspekta, aliyokuwa akizunguka nayo mjini kama sampuli, na akaipaka grisi nzito ili nyufa zisionekane.

Bisimwa alikuja Alhamisi. Aliijaribu klachi, akafurahi.

"Fundi, mkono yako ni muzuri sana," alisema kwa Kiswahili cha kwao. Kisha akatoa mche mzima wa sabuni ndani ya gazeti. Sabuni haikuonekana madukani tangu Pasaka. "Hii ni ya mama na batoto. Mke wangu alileta."

Okullo aliipokea kwa mikono miwili. Aloyo alipoiona alipiga kigelegele kidogo cha mzaha, na usiku ule watoto walilala wakinukia. Okullo alioga kwa maji matupu.

Ijumaa ilipofika, mipira mipya ilikuwa tayari kwenye pikipiki ya Inspekta, lakini mvua ilinyesha. Inspekta Muhamadi alitazama mawingu, akaingia kwenye gari pamoja na maofisa wengine, wakaondoka. Pikipiki yake ilibaki chini ya turubai, na wiki iliyofuata pia.

Wiki ya tatu, Jumamosi mchana, Okullo alimwona Bisimwa akiingia uani akiwa ameloa jasho. Alikuwa ameisukuma pikipiki kutoka Kyebando mpaka Ntinda.

"Imekufa, fundi. Ilichemka, ikapiga kelele ya chuma, ikazima."

Okullo alifungua injini akijua atakachokiona. Pistoni ilikuwa imetoboka. Bisimwa alichuchumaa karibu naye, akaitazama kabureta, akauvuta mmoja wa mipira ile kwa kucha. Ukakatika vipande.

"Ona!" alisema. "Mezi mbili haijaisha! Shemeji yangu ndiye aliniletea kutoka Butembo, kaka ya mke wangu Monique. Alisema ni mipya, nikamwamini. Kumbe ameniuzia takataka iliyopakwa rangi. Nitamwandikia leo. Mwizi, na bado anaitwa ndugu."

Hapo ndipo Okullo alipopaswa kusema. Badala yake alisikia sauti yake ikitoka, tulivu, sauti ya fundi anayeheshimiwa: "Mara nyingine mpira huwa mbovu tangu kiwandani."

"Hapana, fundi. Usimtetee."

Bisimwa alirudi Kyebando kwa miguu. Mikate yake sasa aliibeba kichwani.

Wiki kadhaa zilipita, Okullo akiendelea na kazi zake. Wizi wenyewe alijaribu kuufunika kwa hofu yake, na hofu ile ilikuwa ya kweli. Lakini yule mtu wa Butembo, asiyemjua hata jina, alikuwa anaitwa mwizi kwa ajili yake, na kwa hilo hakupata kifuniko.

Ijumaa moja alikwenda ofisini kwa Inspekta. "Afande, pikipiki yako haina mipira ya kabureta. Nimetafuta mji mzima, haipo. Haiwezi kwenda."

Inspekta hakuinua hata macho kutoka kwenye karatasi. "Basi iandike kuwa mbovu. Mimi napanda gari."

Ilikuwa hivyo tu. Okullo alitoka nje akasimama ukutani. Angeuawa kwa neno lile, au asingeuawa. Hakuna aliyejua siku zile. Ila mwanzoni hakuwa amelijaribu. Alichagua kwanza kumwibia mtu aliyemwamini, tena mtu asiye na polisi wa kumkimbilia. Aliifungua mipira ile miwili kwenye pikipiki ya Inspekta, akaifunga kwenye karatasi, na Jumapili baada ya misa akatembea mpaka Kyebando.

Bisimwa alikuwa barazani. Okullo alibaki amesimama, akamweleza yote, na akaiweka mipira juu ya benchi. Bisimwa aliitazama bila kuigusa. Kisha akaita ndani, "Monique!" Mkewe alipotoka akifuta mikono kwenye kitenge, Bisimwa alimwambia Okullo: "Mwambie na yeye. Ule ni ndugu yake, si wangu."

Okullo alirudia upya. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu Monique Kahambu alimkazia macho tangu mwanzo hadi mwisho.

"Uliogopa nini?" alimuuliza.

"Wakubwa, mama."

"Sisi pia tunawaogopa, kila siku tunapoamka." Aliingia ndani, akarudi na daftari na kalamu ya risasi. "Kaka yangu amekatazwa kuleta vitu vyake hapa. Barua ya mume wangu imesomwa mbele ya baba yetu. Kaa hapo. Andika kwa mkono wako."

Okullo aliandika polepole. Alizoea kuandika majina ya vipuri tu. *Mimi fundi Okullo wa Ntinda ndiye niliiba mipira ya pikipiki ya shemeji yako. Uliyoleta ilikuwa mizuri.* Monique alisoma, akamwambia aongeze neno. Akaongeza: *Nilinyamaza nilipokusikia ukiitwa mwizi.* Machozi yalimdondokea kwenye karatasi na akaona haya zaidi, kwa kuwa hakutaka ionekane anaomba kuhurumiwa.

Pistoni nyingine ilipatikana baada ya miezi miwili, kwa jasho la Okullo na magendo ya mpakani, lakini Bisimwa aliichukua akaipeleka kwa fundi mwingine.

Mwishoni mwa mwaka, Okullo alikutana na Monique sokoni Nakawa, akichagua nyanya. Alimwamkia kwanza, akiwa tayari kutojibiwa. Alijibiwa.

"Kaka yangu ameandika," Monique alisema. "Barua yako aliisoma mbele ya baba, jina lake limesafishwa. Sasa anasema anangoja barua ya mume wangu. Yeye ndiye aliyemtukana."

"Na Bwana Bisimwa ameandika?"

"Bado." Alitia nyanya kwenye kikapu. "Kila nikimkumbusha, ananiambia mwenye kosa ni wewe. Tunagombana."

Okullo alimbebea kikapu mpaka barabarani kwa sababu kilikuwa kizito, na Monique hakumkataza. Walipofika alikipokea, akavuka, akashika njia ya Kyebando. Jioni hiyo Okullo alimwita Aloyo, akamwomba akae, akamweleza kila kitu ambacho hadi siku ile alikuwa amemficha.