Bolti Nane za Bawa la Kushoto

Nimewahi kulala chali mbele ya ndege inayounguruma, mikono nimeitandaza, namlilia Mungu.

Aliyekuwa anaiendesha ni mume wangu.

Msinicheke kwanza. Sikilizeni.

Mimi ni mhandisi. Kazi yangu ni kupiga hesabu za nguvu: bawa likivutwa, kila bolti inabeba kiasi gani. Ndege ya mizigo ya mteja wetu ilikuwa imebadilishiwa bamba kwenye bawa la kushoto, likafungwa kwa bolti nane, mstari mmoja. Hesabu nilipiga mimi. Aliyetoboa na kukaza ni baba mkwe wangu, fundi mkuu wa karakana. Na wa kuijaribu hewani ni mwanawe. Kazi ya familia, kama duka vile.

Asubuhi ya majaribio nilikuwa ofisini nakunywa chai, nimefungua faili basi tu. Nikaona kitu kikanikata maini.

Bamba linavutwa kwa tani nane, bolti nane. Niligawanya sawasawa: kila bolti tani moja. Uwezo wa bolti ni tani moja na nusu. Safi.

Safi wapi! Bolti zikiwa kwenye mstari hazigawani mzigo kindugu. Za mwisho, huku na huku, ndizo zinazoumia. Za katikati zinategea. Nilikuwa nalijua hilo tangu chuoni. Siku ile nilikuwa na haraka, basi.

Nikarudia hesabu. Za mwisho: karibu tani mbili kila moja.

Shetani akaninong'oneza: nyamaza, huenda akarudi salama. Nilimsikiliza kama dakika moja. Dakika hiyo mpaka leo naionea aibu.

Nikampigia mume wangu. Simu imezimwa. Nikamkimbilia bosi.

"Simamisha ndege! Hesabu yangu ina kosa!"

Akanitazama juu mpaka chini. "Mama, si wewe uliyesaini jana? Mwenye ndege yuko hapa. Tutaongea mumeo akirudi."

Akirudi!

Nikatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki kwenye ngazi. Ndege ilishaanza kusogea kuelekea njia ya kurukia. Nikapunga mikono, nikapiga mayowe, nani asikie? Ndipo nikalala. Nilisema kama ni kufa, tufe wote.

Gurudumu lilisimama hatua tatu kutoka miguuni pangu.

Mume wangu akashuka amefura. "Umerukwa na akili?"

"Bolti," nikasema. "Bolti za mwisho." Nalia mpaka kamasi.

Baba mkwe akaja taratibu, anafuta mikono kwa tambara, anatabasamu. "Inuka, mwanangu. Kosa lako nililiona tangu juzi. Zile za mwisho nimeweka nene. Zinabeba tani mbili na ushee."

"Baba! Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje mbele ya wenzako kwamba mke wa mwanangu kakosea hesabu? Nikakusitiri."

Nilimkumbatia. Wallahi nilimkumbatia. Halafu nikaganda.

Bolti nene inataka tundu pana. Na tundu la mwisho lilikuwa karibu na ukingo wa bamba; likipanuliwa, pale panabaki pembamba.

"Baba, tufungue."

Tukafungua. Tukapaka rangi nyekundu ya kutafutia nyufa, tukapangusa, tukasubiri. Baada ya dakika kumi mstari mwekundu ukajitokeza, mwembamba kama unywele, kutoka kwenye tundu mpaka ukingoni. Bolti ingehimili. Bamba lingepasuka.

Mzee aliutazama ule mstari, akamtazama mwanawe, akakaa chini sakafuni. Akalia kama mtu aliyefiwa. Sikuwahi kumwona mwanamume wa umri wake akilia vile.

Mimi nilisimamishwa kazi miezi sita. Halali yangu. Mzee aliomba kustaafu mwenyewe.

Mume wangu hakugombana na mtu. Jioni yake mezani, nilipomwambia hata ile dakika yangu moja, alisema tu, "Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nyinyi mlificha wawili, kifo kikanifuata mimi."

Jamani, mkiniona nimekosea, nisemeni. Hata mbele ya bosi, hata mbele ya wakwe. Nitanuna, tena huenda nikanuna wiki nzima. Nyinyi semeni tu.