Mstari wa Penseli kwenye Kopo la Magadi

Nilichora ule mstari asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma majani chai. Kopo lilikuwa la plastiki ya kuonyesha ndani, na nilichora pale pale magadi yalipofika. Nilikuwa namshuku mama mkwe. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa sijivunii.

Mtoto wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Alikula kama mtu aliyetoka kulima, na hakunenepa. Choo chake kilikuwa na mafuta, kinaelea, na harufu ilimtangulia. Nikimbusu kwa paji la uso, midomo yangu ilibaki na chumvi. Nilifika darasa la nane tu, lakini nilijumlisha: mchana analishwa na cucu yake, yaani huyo mama mkwe, cucu hutia magadi kwa githeri ya mahindi na maharagwe na kwa mboga ziive haraka, na magadi huendesha tumbo. Basi.

Sijui kama nilijumlisha vizuri au nilitaka tu jibu liwe yeye. Ya upande wake lazima niandike pia: alimbeba mgongoni mchana kutwa na goti lake bovu, na hakuna siku nilirudi nikampata mtoto mchafu.

Jioni magadi yalikuwa chini ya mstari, kama unene wa kidole.

"Mama, mtoto amekula nini?"

"Ndizi na viazi. Nimeponda."

"Bila magadi?"

Akaangalia kopo, akaona mstari. Alicheka, si kwa furaha. "Umenichorea mpaka kama wa shamba? Na githeri uliyokula jana ukaongezwa, ulidhani ililainishwa na maombi?"

Hapo alikuwa na haki. Hata hivyo nilimwambia asimlishe tena. Wiki mbili nilichuma chai na mtoto mgongoni, nikampikia mwenyewe bila chembe ya magadi. Akaendelea kukonda, na chumvi ikaendelea kuwa chumvi. Hapo ningepaswa kujua si magadi. Badala yake nilianza kufikiri labda cucu anamlisha nikienda kuteka maji.

Kliniki walitutuma hospitali kubwa. Daktari, msichana mdogo kuliko mimi, aliposikia habari ya chumvi aliacha kuandika, akaniuliza tena na tena, hata nikamshuku na yeye. Jasho la mtoto likapimwa. Siku ya majibu akaniuliza:

"Mama, ukikata kitunguu cha kachumbari ukitie chumvi, maji hutoka wapi?"

"Kwa kitunguu."

"Ndiyo. Chumvi huyavuta."

Akasema nyuma ya tumbo kuna kongosho, inayotengeneza maji ya kusaga chakula, hasa mafuta. Seli zake zina milango midogo sana. Mlango ukifunguka, chumvi hutoka, na kitu cha jamii ya magadi hutoka pia, halafu maji huvifuata mpaka kwa utumbo. Kwa mtoto wangu mlango huo haufanyi kazi, tangu kuzaliwa. Maji hayafuati. Kile kinachobaki kinakuwa kizito kama uji uliolala, kinaziba njia, na mafuta ya chakula yanapita bila kusagwa.

"Na chumvi ya usoni?"

"Mlango kama huo uko kwa ngozi pia. Huko kazi yake ni kurudisha chumvi ndani jasho likipita. Kwake haurudishi."

Nilimwuliza mara tatu, na bado sina hakika nimeandika sawa. Lakini hili nilielewa: mtoto hakuzidishiwa magadi. Alipungukiwa na yake mwenyewe. Na hitilafu ilitoka kwangu na kwa baba yake, sote wawili, bila kujua.

Nyumbani cucu aliinua chupa ya dawa akaiangalia kwa mwanga wa mlango. "Ndani kuna nini?"

"Ya kusaga chakula. Hutolewa kwa kongosho ya nguruwe."

"Nguruwe! Na uliogopa magadi yangu."

"Mama, kila akila lazima apewe. Mchana mimi niko kwa chai. Nilikukosea. Naomba umpe wewe."

"Leta penseli," akasema. "Chora hii chupa pia, usije ukasema nimeila."

Sikuchora. Nilitia kidole mate nikafuta mstari wa kopo, haukutoka wote. Nilipogeuka, alikuwa ameshafungua kapsuli moja ya dawa juu ya kijiko cha ndizi, na mtoto amepanua mdomo.