Upindo wa Koti la Bluu

Mke wangu alikuwa fundi wa nguo hapa Kaptembwo. Akiba ya ploti tuliyoitamani Mai Mahiu aliiweka nusu benki, nusu kwenye sarafu za kidijitali alizofundishwa na kijana wa saiba, pale tunapolipia intaneti. Ufunguo wa sarafu hizo ulikuwa maneno kumi na mawili. Nilimuuliza ameyaandika wapi.

"Kwa karatasi, nikaishona mahali," alisema. "Wewe na mafaili yako, ungeiweka pale mwizi anaanzia."

Kisha aliugua, wiki mbili tu.

Kwao, upande wa magharibi, nguo za marehemu hugawiwa ndugu baada ya maziko. Nilikagua kila mfuko, nikaandika orodha, nikagawa. Pindo sikuzigusa. Koti la bluu lilienda kwa dada yake.

Benki nilienda na cheti cha kifo na barua ya chifu. Mama wa dirishani alizisoma, kisha akaniangalia.

"Pole, mzee. Marehemu alikuwa nani wako?"

"Mke wangu."

Akaandika. Ilichukua miezi na safari za kortini, lakini kila dirisha liliniuliza swali hilo, na kila mara nilipenda kulijibu.

Sarafu hazina dirisha. Naziona kwenye simu, ziko vilevile alivyoziacha. Kijana wa saiba alinihurumia, ila niliposema sarafu hizi zinahitaji sheria, alikataa.

"Serikali ikiingia hapo imeharibu, mzee. Raha yake ni hakuna mtu wa kukuuliza."

Tangu hapo nimesoma kila nilichopata kuhusu jambo hili. Wanaotaka sheria hutaja wezi na kodi. Wasioitaka hutaja uhuru. Najua sheria haiwezi kufungua kilichofungwa kwa maneno yale. Lakini ingemlazimisha anayeuza sarafu amuulize mteja, siku ya kwanza, jina la mrithi wake. Mke wangu angeandika langu. Natamani kuliona jina hilo kwa mwandiko wake, kuliko ninavyoitamani ploti.

Mwezi uliopita, nikifunika cherehani yake, nilikumbuka kwamba alisema "nikaishona". Nikaisoma tena ile orodha; nguo nzito ilikuwa moja tu. Nikampigia dada yake.

"Shem, lile koti la bluu lina upindo mnene?"

"Lilikuwa refu, nikalikata. Ndani kulikuwa na kakaratasi, lakini maji yalikuwa yamekamaliza. Nimelifua mara ngapi. Shem, ilikuwa barua?"

Nilimwambia hapana. Nikamwomba anitumie kile kipande alichokata, kama bado kipo.

Kilifika kwa parseli, nacho kiko mezani ninapoandika. Karatasi imekuwa uji uliokauka. Hakuna neno linalosomeka. Mishono ni midogo, imebanana, ya uzi mweupe. Kwenye kasha lake la nyuzi kuna uzi wa bluu, rangi ileile ya koti, haujatumika hata nusu. Fundi kama yeye hawezi kupinda kitambaa cha bluu kwa uzi mweupe, ila awe anataka mtu fulani auone.