Maombolezo Ambayo Hayakuwa Yameanza

Kosa langu ni kiburi cha msomaji. Okestra ya taifa moja la ng'ambo ilipokuja Katesh kuwapigia muziki watu wa Jorodom waliofiwa katika maporomoko ya Mlima Hanang, nilikuwa nimesoma historia yake yote, ingawa sikuwahi kuisikia ikipiga. Hata hivyo nilikubali kuwa mfafanuzi wa muziki huo kwa watu waliojaa ukumbini.

Filimbi moja ilitoa sauti ndefu, na fidla zote zikaifuata.

"Simameni!" niliamuru. "Haya ndiyo maombolezo."

Wazee walivua kofia. Mama mmoja, ambaye binti yake alifukiwa na tope, alisimama kwa shida, akalia.

"Mwalimu," jirani yangu alininong'oneza, "mbona yule mpiga fidla anakaza nyuzi?"

"Nyamaza, wewe hujasoma."

Sauti zikakatika. Kiongozi wa okestra akasema kupitia mkalimani, "Asanteni, lakini hatujaanza. Tulikuwa tunalinganisha sauti za ala zetu tu."

Ukumbi ukaangua kicheko, na yule mama alikuwa bado amesimama na machozi yake. Nikainama nikae.

"Usikae, mwalimu," yule mama akasema kwa sauti. "Mimi nimeshamlilia mwanangu. Wao waendelee kulinganisha."

Kicheko kikafa. Mama huyo anaitwa Paskalina Tluway.