Swali la Mama wa Chai

Wiki iliyopita nilikaa kwenye semina ya wanasheria, ukumbini Kinondoni, kadi ya jina shingoni. Mada ilikuwa hukumu ya mahakama iliyosema kifungu kinachoruhusu binti wa miaka kumi na tano kuolewa kinavunja Katiba, na kwa nini kifungu chenyewe bado kimo kwenye vitabu vya sheria. Wahadhiri wawili walibishana nusu saa nzima kama mahakama iliagiza kirekebishwe au ilishauri tu.

Mama aliyekuwa akitugawia chai akaweka chupa chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Samahani waheshimiwa. Mtoto wa dada yangu kule Temeke ana miaka kumi na tano. Baba yake anamuozesha Jumamosi, anasema sheria inamruhusu. Nikamwambie nini?"

Mwenyekiti akamtazama kifuani, akitafuta kadi.

"Mama, maswali ni ya washiriki tu. Hebu tuongezee chai huku."

Mama akaokota chupa yake, akapita meza kwa meza, kisha akatoka. Wasomi wote wale, na hakuna hata mmoja aliyemfuata nje kumwelekeza aende wapi. Hasira hazijanishuka mpaka leo, na nyingine ni za kujikasirikia mwenyewe, maana alipofika kwangu nilisogeza kikombe tu anijazie.

Saa kumi jioni tulipitisha maazimio kwa makofi. La kwanza lilisema wananchi washirikishwe.