Namba Saba na Namba Tisa

Gatini kila mtu alimwita Dereva, hata watoto wa jirani. Mumewe alimfundisha kuendesha boti kwa wiki mbili, akamwomba amshikie kazi miezi sita tu, kisha akaenda kutafuta maisha. Huu ulikuwa mwaka wa nne. Siku hizi mume akipiga simu humpigia mama yake, na salamu za Dereva humfikia zimeshapoa.

Boti ilikuwa ya mama mkwe. Kutwa nzima Dereva alivusha matofali ya shemeji yake kwenda ng'ambo ya ziwa, maji yakikaribia ukingo, mashine ikikoroma. Jioni alirudi kwenye chumba kilichobanwa kati ya chumba cha mama mkwe na cha shemeji. Akikohoa usiku, asubuhi anaulizwa amemeza dawa gani. Hakuna aliyemtesa. Walimpenda, tena walimsifu mbele za watu, na hilo ndilo lililomkaba zaidi. Mtu aage vipi watu wanaomsifu?

Halafu muuguzi wa zahanati ya ng'ambo akamnong'oneza jambo. Zahanati ilitaka kukodi boti pamoja na dereva wake, na dereva angepewa chumba kule kule. Sharti lilikuwa moja: boti yenye wagonjwa wawili ivuke chini ya nusu saa. Wangeijaribu Jumatatu. Dereva alikwisha kupima kwa saa yake. Kwa propela ile ya mzigo, hata boti ikiwa tupu, alitumia dakika arobaini. Akaamua asimwambie mama mkwe chochote mpaka afaulu.

Kwa hiyo mama mkwe aliposema Ijumaa kwamba wakanunue propela ya akiba, Dereva akawa wa kwanza kufika mlangoni.

Duka la vipuri lilikuwa la mzee mmoja mfupi waliyemwita Mzee Nati. Alimkalisha mama mkwe juu ya debe la rangi lililogeuzwa, akapekua rafuni, akarudi na propela mbili. Zilizobaki za mashine yao ndizo hizo tu. Moja ilikuwa nyeusi, imegongwa namba saba. Ya pili ilikuwa ya fedha, imesuguliwa ikasugulika, namba tisa. Dereva hakuhitaji kuelezwa. Saba husukuma kidogo kidogo, haichoki na mzigo. Tisa hukimbia, ila inataka boti nyepesi. Propela hubadilishwa kwa spana, kwa dakika tano tu. Jumatatu alfajiri angeifunga ile tisa mwenyewe na hakuna ambaye angejua.

Alijitia kuangalia mikanda ya mashine iliyoning'inia ukutani.

"Hiyo nyeusi kama kikaango," mama mkwe akasema. "Tupe inayong'aa."

"Mama, hiki si kidani," Mzee Nati akamjibu.

"Wewe uza. Kama ningetaka kidani ningekuja kwako?"

Mzee Nati akacheka, akaingiza kidole ndani ya tundu la ile ya fedha, akahesabu meno yake. Yalikuwa sawasawa na ya mhimili wa mashine yao. Akavuta gazeti, akaanza kuifunga. Mawazoni Dereva alikuwa amekwisha kufika ng'ambo, amekwisha kutandika kitanda chake.

"Dereva, siku hizi mnabeba nini?" mzee akauliza bila kuinua kichwa.

Neno moja tu lingetosha: abiria. Mama mkwe alikuwa anatafuta kitu mkobani, hata asingelisikia. Lakini kifaa cha akiba hufungwa siku kile cha kwanza kimevunjika, na siku hiyo boti itakuwa imejaa matofali, na nyumbani kwao hapakuwa na mtu wa kukubali yapunguzwe. Dereva aliwahi kuona mashine ikikabwa na propela ya mbio katikati ya ziwa, ikatoa moshi, ikazima, upepo ukaigeuza boti ubavu. Na wapakiaji wawili aliovuka nao kila siku hawakujua kuogelea.

"Matofali," akasema.

Mzee Nati akafungua gazeti. "Basi hii hapana. Itawaulia mashine, nanyi mkiwa ndani."

Akairudisha rafuni. Mama mkwe, alipoelezwa, alimtazama mkwewe kwa macho yaliyojaa maji. "Umeona?" akamwambia Mzee Nati. "Mwanangu akipiga leo nitamwambia asihangaike kurudi. Boti iko mikononi mwa mwenye akili."

Nje, huku amekumbatia propela nyeusi, Dereva alimpigia muuguzi. Akamwambia Jumatatu hatakuja, watafute boti nyingine. Muuguzi akauliza kuna nini. Dereva akasema hakuna kitu, ni mzigo tu.

"Nani huyo?" mama mkwe akauliza akitoka dukani.

"Mteja."

"Mwambie asubiri, tutampangia siku."

"Hawezi kusubiri, mama," Dereva akasema, akazima simu.