Maoni Yaliyopitia kwa Mwenyekiti

Mimi ni mtu wa ndani. Miaka ile soko lilipofunguliwa, wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walikuwa wakiteremka Dar kufuata mitumba. Mimi nilikaa na cherehani yangu barazani, Mafiga, na nikisema nakwenda mjini mke wangu ananiuliza kama nimeshawaaga majirani.

Kwa hiyo siku redio iliposema serikali inaandaa kanuni mpya za vyanzo vya maji, na kwamba mwananchi yeyote anaweza kutoa maoni kwenye tovuti, nilijiona nimefikiriwa. Kuiambia serikali neno bila kusimama kwenye mlango wa ofisi yoyote!

Na neno nilikuwa nalo. Rasimu ilitaka kila anayelima kando ya mito ya Uluguru aonyeshe hati ya umiliki, la sivyo aondoke. Mama yangu alikuwa akilima maharage na kabichi huko juu, karibu kabisa na mto, kwenye ardhi aliyoachiwa na mama yake, ambaye naye aliachiwa na mama yake. Kwetu Waluguru ardhi hupita upande wa mama, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake karatasi. Shamba jingine hakuwa nalo.

Nikaenda duka la intaneti. Binti wa pale alinifungulia ukurasa wenyewe akanitazama ninavyoikamata mausi. "Kaka, legeza mkono. Haikimbii."

Nikaandika kama tulivyofundishwa shuleni: anuani yangu kulia, chini yake K.K., yaani kupitia kwa, halafu jina kamili la mwenyekiti wetu wa mtaa. Maana barua ya serikali isiyopitia kwa mkubwa fulani hurudishwa. Kisha nikaeleza shamba la mama lilipo, daraja la miti, jiwe kubwa, kona ya mto, ili wasije wakakosea.

"Hapa hapapitiwi kwa mtu," binti akasema. "Inakwenda moja kwa moja."

"Dada, serikali si shangazi yako."

Akabonyeza. Maandishi yangu yakatokea palepale kwenye kioo, yote, na jina langu juu yake.

"Nani anaona hii?"

"Yeyote. Hata Japani."

Wajapani sikuwaogopa. Nilichokiogopa ni gari la wilaya. Ndipo nilipoelewa nilichofanya: nilikuwa nimewachorea njia ya kwenda kumwondoa mama yangu. Nikamwambia binti afute. Akasema hana uwezo, ukurasa ni wa wizara.

Tangu hapo kila gari lililopunguza mwendo mtaani kwetu lilinisimamishia cherehani. Nilishona mfuko wa shati mgongoni. Muuza mafuta ya taa akipiga kengele, mke wangu anasema kutoka jikoni, "Haya, wamefika, vaa viatu." Nilicheka naye, huku nikichungulia barabarani.

Alasiri moja mwenyekiti mwenyewe akaingia, amevaa koti na jua lote lile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, mimi nimepitishwa wapi?"

Nikamweleza. Akaketi kwenye kigoda cha wateja. Ofisi ya kata imempigia simu, akasema, wanamuuliza kwa nini amepeleka wizarani pingamizi la wananchi wakati hakuna mkutano wala muhtasari. Alipopewa chai, akaikoroga bila kutia sukari. Kumwona mkubwa ameogopa kuliniogopesha kuliko simu yenyewe.

"Rudi huko ukaandike kwamba sikukutuma," akasema. "Na kwamba hilo shamba halipo. Yaishe."

Nikiandika hivyo mimi napona na yeye anapona. Na siku wakimkuta mama pale kando ya mto, atakuwa amesimama kwenye shamba ambalo mwanawe mwenyewe amelikana mbele ya dunia.

Mke wangu akatokea mlangoni. "Mzee, yale maharage ya mlimani niliyompelekea mama watoto wako Jumapili, yalikuwa matamu?"

"Sana."

"Basi lipo."

Mwenyekiti akaimalizia chai yake. Mwishowe akasema, "Tuitishe mkutano. Muhtasari ukiwepo, nitakuwa nimepitisha kweli."

Ndivyo watu wa Mafiga walivyoketi chini ya ukuta wa ofisi ya mtaa wakaazimia kulitetea shamba la mlimani ambalo wengi wao hawakuwahi kuliona. Tukayapeleka yale maazimio kwenye tovuti, na safari hii mwenyekiti alisimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha jina lake halikukosewa. Baada ya muda likaja jibu: Maoni yamepokelewa. Hakuna kingine.

Nikapanda mlimani kumwambia mama. Alisikiliza ameegemea jembe.

"Kwa hiyo wanajua nilipo."

"Wanajua, mama."

"Na lini wanakuja?"

"Hawakusema."

Alitazama chini, njia inapoishia kwenye magugu kabla ya kufika daraja la miti.

"Basi ifyeke hiyo njia. Wakija wasikosee wakanikanyagia maharage."

Nikachukua fyekeo. Nilifyeka mpaka darajani, na kila muungurumo uliopanda kutoka bondeni ulinifanya niinue kichwa, nisikilize, kisha niendelee kuwasafishia.